Nani Atasema "Namfahamu"?

Ukifika Kilimani, mjini Unguja, ukamuuliza mpita njia gereza liko wapi, atakuelewa, lakini huenda akakusahihisha kwa upole. Zanzibar gereza haliitwi gereza. Jina lake la kiserikali ni Chuo cha Mafunzo.

Mimi jina hilo nalipenda. Wapo wanaolicheka, wakiuliza ni chuo gani hicho chenye ukuta mrefu na kufuli. Lakini mtu aliyepelekwa chuo, si anatarajiwa kurudi nyumbani? Na akirudi, si tunategemea kuna alichojifunza?

Basi niulize, ndugu yangu. Mwanetu akihitimu, tunakodi Noah, tunashona sare ya kitenge, tunambebea mashada ya maua ya plastiki. Huyu anayemaliza kifungo, nani anamsubiri getini?

Sisemi twende tukapige vigelegele nje ya Gereza la Ukonga. Nasema awepo mtu mmoja.

Maana wanarudi, na wanarudi kwetu. Desemba 9, 2019, katika sherehe za Uhuru zilizofanyika Mwanza, Rais John Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 5,533. Hiyo ni siku moja tu. Mbali na msamaha, wapo wanaomaliza vifungo vyao vya kawaida Segerea, Butimba, Isanga, Ruanda na Maweni. Hawana nchi nyingine ya kwenda. Wanapanda basi, wanashuka stendi ileile tunayoshukia sisi, wanauliza kama nyumba ya fulani bado ipo palepale.

Hapa nichomeke jambo dogo, kwa sababu limeshaleta maneno mitaani. Jirani alifungwa miaka mitatu, mara baada ya miaka miwili tunamwona dukani ananunua sukari. Minong'ono inaanza: huyu katoroka? Kahonga? Hapana, jamani. Sheria inampunguzia mfungwa mwenye nidhamu theluthi moja ya kifungo chake. Miaka mitatu ukitoa theluthi inabaki miwili. Ni hesabu ya darasa la nne tu.

Sasa tumfuate huyu jirani kwa wiki yake ya kwanza. Laini yake ya simu ilishafungwa zamani. Kitambulisho cha NIDA hakioni, na namba haikumbuki. Asubuhi anakwenda kuomba kazi ya ulinzi, anapewa fomu. Fomu inataka barua ya serikali ya mtaa na wadhamini wawili. Anatafuta chumba cha kupanga, mwenye nyumba anauliza, "Nani anakufahamu hapa?" Anataka kuendesha bodaboda ya mtu kwa hesabu ya kila siku, mwenye pikipiki anataka wadhamini vilevile, tena wenye makazi yanayojulikana.

Umeona mambo yalivyo? Hapa kwetu kazi nyingi hazianzi na cheti. Zinaanza na mtu. Yuko mtu mahali anayesema, "Huyu namfahamu, mpe." Wengi wetu tumepita njia hiyo hiyo. Nani kati yetu hakuingizwa kazini na mjomba, na shangazi, na mwalimu wake wa zamani, na mzee wa kanisani au msikitini? Tunasahau kwa sababu ilitokea zamani na ilikuwa rahisi. Anayetoka kifungoni amekikosa kitu hicho kimoja. Mikono anayo. Nguvu anazo. Mara nyingi hata ufundi anao. Aliyemkosa ni mtu wa kuliweka jina lake mwenyewe kando ya jina la huyu aliyetoka.

Nikiri kwamba hili nimelijua kwa kuchelewa.

Mlango wa mbele wa nyumba yangu ulitengenezwa na fundi aliyewahi kufungwa miaka minne. Siku anaupachika sikujua. Nilichokiona ni kijana mtulivu, anapima mara mbili kabla ya kukata, na akimaliza anafagia randa mwenyewe bila kuambiwa. Miezi kadhaa baadaye alikuja jioni na fomu mkononi. Kuna karakana kubwa iliyokuwa inatafuta maseremala. Nilimkaribisha chai, akakataa, akabaki amesimama barazani. "Mzee," akasema, "kabla hujaandika, kuna jambo lazima ulijue." Akanieleza yote, kosa na mahakama na miaka.

Unadhani nilifanya nini? Nilimwambia aniachie fomu, nitafakari. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mzima mwenye busara. Ukweli ni kwamba nilishikwa na woga.

Kwa hiyo woga wako naujua. Mwenye duka anaogopa droo yake, mama mwenye nyumba ana watoto ndani, na fundi mkuu anajiuliza wateja watasema nini. Woga huo si dhambi. Nami siamini kwamba kila mtu afanye kila kazi. Aliyemdhuru mtoto hafai kupewa kazi shuleni, na aliyefungwa kwa wizi wa fedha za ofisi hana haja ya kuanza kazi kwa kushika funguo za sefu. Hata yeye mwenyewe, kama ana akili timamu, hatataka jaribu hilo. Lakini kati ya kumpa sefu na kumfukuza langoni kuna nafasi pana. Kuna kusaidia fundi, kupakia mzigo, kuosha magari, kulima, kushona, kupaka rangi. Kuna wiki mbili za majaribio kwa malipo ya haki. Nasisitiza ya haki, maana kumlipa mtu nusu ya wenzake kwa sababu hana pa kwenda hakumsaidii.

Na kuna swali la muda. Kosa la mtu tulihesabu mpaka lini? Katiba yetu yenyewe, inapotaja sifa za mtu anayetaka ubunge, inaangalia kama alifungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu katika miaka mitano kabla ya uchaguzi mkuu. Mitano. Kama baada ya miaka hiyo mtu anaweza kugombea nafasi ya kututungia sheria, je, hawezi kutubebea matofali?

Ufundi nao tusiudharau. Kule Moshi, Gereza la Karanga linajulikana kwa viatu, na leo kuna kiwanda cha bidhaa za ngozi ambacho Jeshi la Magereza linakiendesha kwa ubia na mfuko wa PSSSF. Huenda viatu alivyovaa mwanao kwenda shule vilishonwa huko. Kwenye magereza mengine watu wanalima, wanafuga, wanajenga, wanachonga samani. Mtu akikaa miaka kwenye kazi hizo, mkono unazoea. Shida yake ni kwamba akitoka hana karatasi ya kuonyesha. Kama ndugu yako yuko katika hali hiyo, mpeleke VETA akaulize kuhusu urasimishaji wa ujuzi. Utaratibu huo uliwekwa kwa ajili ya watu waliojifunza kazi nje ya darasa, wapimwe na kupewa cheti. Msindikize, usimwelekeze tu. Mtu aliyezoea kupangiwa saa ya kula na saa ya kulala anaweza kusimama mbele ya dirisha la ofisi akashindwa kuuliza swali.

Tuingie nyumbani sasa, maana huko ndiko kwenye kazi kubwa.

Tuna tabia ya kuwaambia watoto kwamba baba "amesafiri". Nawaelewa kina mama wanaosema hivyo. Wanamkinga mtoto asichekwe. Lakini baba amerudi bila zawadi na bila hadithi za safari, na mtoto wa miaka tisa si mjinga. Shuleni ameshaambiwa. Kwa nini tusimweleze, kwa maneno ya umri wake, kwamba baba alikosea, akaadhibiwa, adhabu imekwisha, na sasa tunaanza upya? Mtoto hustahimili ukweli kuliko tunavyodhani. Kinachomsumbua ni kuona watu wazima wananyamaza kila anapoingia chumbani.

Na wewe mama, au baba, uliyebaki ukiishikilia nyumba miaka yote hiyo, pole. Ulilipa ada, ulizika wazee, ulijibu maswali ya watu. Aliyerudi anaweza kutaka kushika usukani kesho yake asubuhi, au anaweza kukaa kwenye kiti siku nzima akitazama ukuta. Yote mawili yanachosha. Mpe kazi ndogo za nyumbani zenye maana: akachote maji, akarekebishe banda la kuku, akamsindikize mtoto zahanati. Mshirikishe bajeti ya nyumba hata kama hajaleta shilingi. Na zile salamu zisikatwe. Shikamoo ya watoto wake bado ni yake.

Je, aliyekosewa? Simsahau. Yuko mtu mtaani aliyevunjiwa nyumba, au aliyeumizwa, na sasa anakutana na aliyemkosea kwenye foleni ya maji. Hana deni la kumkumbatia. Tusimlazimishe mtu asamehe kwa kumbana kikaoni mbele za watu. Wazee wa mtaa wamwendee kwanza wakamsikilize, wamuulize angependa mambo yaende vipi. Pengine atasema tu, "Asipite mbele ya nyumba yangu." Basi asipite. Huo nao ni mwanzo.

Ndugu wenyeviti wa mitaa na vijiji, nanyi masheha kule visiwani, kalamu yenu ina uzito kuliko mnavyodhani. Barua ya utambulisho inaandikwa kwa dakika tano. Haisemi kwamba mtu ni malaika. Inasema anaishi hapa na mnamjua. Akija, mwandikieni. Mkiwa na nafasi, mpelekeni pia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Lakini mikopo ile kwa kawaida hutolewa kwa vikundi, na kikundi kinachagua watu wake. Tunarudi palepale, kwenye mtu wa kusema namfahamu. Kina mama wa vikoba, hapo mnatushinda sote kwa uzoefu. Mnajua kumwanzisha mtu kwa hisa moja na kumtazama miezi mitatu kabla ya kumkopesha. Je, hamwezi kumwekea kiti dada aliyetoka Segerea?

Lipo na lingine linalofanyika kabla hata mtu hajaingia gerezani. Tangu mwaka 2002 tunayo Sheria ya Huduma kwa Jamii, ambayo inaruhusu anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu atumikie adhabu yake kwa kufanya kazi za umma bila malipo, huku analala kwake. Kabla mahakama haijaamua hivyo, ofisa probesheni huja mtaani kuuliza habari zake. Akikugongea, usijifungie ndani ukidhani ni kesi yako. Mweleze unachokijua, kizuri na kibaya. Maneno yako yanaweza kuwa tofauti kati ya kijana kufagia soko kwa miezi kadhaa na kijana kupoteza kibarua chake, chumba chake na mchumba wake kwa pamoja.

Na wewe uliyetoka, nina machache kwako, kama mzee wako. Habari zako ziseme wewe kabla hawajazisema wengine. Mficha uchi hazai. Huna haja ya kumsimulia kila abiria wa daladala, lakini anayekupa kazi na anayekudhamini wana haki ya kuzisikia kutoka kinywani mwako. Anza na NIDA na laini ya simu, maana bila hivyo hata anayetaka kukuita hatakupata. Kijiwe cha zamani kipe muda kwanza. Kazi ya kwanza itakuwa ndogo kuliko hadhi yako, na huenda ya pili pia. Ukikataliwa mara ya sita, njoo utuambie. Usikae na maumivu hayo peke yako usiku.

Nimeiacha habari ya fundi wangu njiani. Ile fomu ilikaa mezani siku mbili, chini ya miwani yangu. Mke wangu aliiona, akaisoma, akaniuliza swali moja: "Mlango umewahi kukusumbua?" Sikuwa na jibu.

Jumapili fundi alikuja, akasimama barazani kama siku ile. Nikaandika jina langu, nikaandika namba ya simu, nikatia saini. Mkono ulitetemeka kidogo, nadhani aliuona. Akaikunja ile fomu kwa uangalifu, akaitia kwenye mfuko wa shati. Kisha akavuta kigoda, akauliza kama ile chai bado ipo.