Wiki Tatu Mafia Hazikufanyi Mwalimu, Dada Yangu

Haya wadau, leo sina umbea mtamu, nina hasira. Kaeni vizuri.

Kama uko Insta lazima umeshaiona hii filamu. Waigizaji wanabadilika, stori ni ile ile. Staa wetu anapotea mtandaoni siku mbili tatu, mafolowa wanaanza kuulizana kaachwa au kapata mimba. Halafu paap! Kidege kidogo kutoka Dar, dirishani bahari ya bluu, kapsheni: "Naenda kujitafuta." Kumbe kaenda Mafia kusomea ualimu wa yoga.

Wiki ya kwanza ni Utende, mkeka juu ya mchanga, nguo nyeupe, macho kafumba na droni inamzunguka kichwani. Wiki ya pili analia mbele ya kamera, anasema amekutana na nafsi yake. Wiki ya tatu kashika cheti kwa mikono miwili kama cha ndoa. Na kabla mchanga haujamtoka miguuni, bango hilo limeshapandishwa: "Madarasa yanaanza Jumatatu. Tunatibu mgongo, msongo wa mawazo, usingizi na mahusiano. Nafasi ni chache, lipia kwa namba hii."

Jina sitaji. Kwanza hayuko mmoja, nikimtaja mmoja nitakuwa nimemwonea. Mnaojijua mnajijua.

Sasa nisikilizeni kabla hamjaanza kutoa povu. Sina ugomvi na yoga. Sina ugomvi hata na mtu kulipa dola zake kusoma kozi ya ualimu wakati hana mpango wa kufundisha mtu. Tena huyo namheshimu. Wapo watu wengi wanaoingia kozi hizi kwa ajili yao wenyewe: wamefanya yoga miaka miwili mitatu, wanataka kujua kwa nini nyonga inakaza, pumzi inafanya kazi gani, na hii kitu ilitoka wapi kabla haijawa leggings na chupa ya maji. Darasa la saa moja halikupi hayo. Kozi inakupa. Unaamka alfajiri, unakaa na pumzi yako, unasoma misuli na mifupa, unasoma falsafa, unasimama mbele ya wenzako ukielekeza huku sauti inatetemeka. Mtu akitoka pale ametulia na anajijua kidogo zaidi, hela yake imefanya kazi. Hakuna cha kumcheka.

Ninaloligombania ni moja tu: ukienda kujikuza mwenyewe, rudi na hicho ulichokifuata. Usirudi kutuuzia tiba.

Tufanye hesabu ya shule ya msingi. Kozi inaitwa ya saa 200. Wiki tatu, ukipumzika siku moja kila wiki, zinabaki siku 18. Hiyo ni kama saa 11 kwa siku. Ndani ya hizo saa weka mazoezi yenyewe, falsafa, pumzi, anatomia, na namna ya kufundisha. Niambie muda uliobaki wa kujua uti wa mgongo wa mtu wa miaka 50 ni upi. Mtu wa fiziotherapia anasoma miaka, anashinda wodini chini ya macho ya wakubwa zake, na bado akikutana na kesi ngumu anaita mwenzake. Wewe umekula dagaa na samaki wa Mafia siku 21, unataka kunyoosha diski ya mama wa watu?

Na hicho cheti tukielewe vizuri. Wengi wanajivunia kusajiliwa na Yoga Alliance, shirika la Marekani. Sawa, lipo na linajulikana dunia nzima. Ila kazi yake ni kusajili shule na wahitimu wa shule hizo. Halikuiti mbele yake likakupima kama daktari anavyopimwa. Na hata kwenye ngazi zao wenyewe, saa 200 ni mlango wa kuingilia. Ngazi yao ya juu ya walimu wazoefu inadai angalau saa 2,000 za kufundisha. Kwa hiyo hata wenyewe wanajua kwamba aliyetoka kozini jana bado mwanafunzi. Ni sisi tu ndio tunamwita "gwiji".

Kinachonichosha zaidi ni kwamba wanakwenda kusomea hapo hapo ambapo jibu liko mbele ya macho yao. Ukiwa Utende, ng'ambo pale ni kisiwa cha Chole. Chole wanaunda majahazi na mashua kwa mkono. Ukiwa na bahati utamkuta kijana kakaa pembeni ya fundi, anashika ubao, anachonga kidogo kwa tezo, anatia kalfati kwenye maungio ya mbao, anarekebishwa, anarudia. Hivyo hivyo, mwaka unaisha mwingine unaingia. Muulize kama yeye ni fundi. Atacheka, atakuonyesha mzee. Kwa sababu anajua chombo kikivuja katikati ya mkondo, hakuna cheti kitakachozuia maji. Dada yetu kapiga selfi na chombo hicho hicho, kaandika "kazi ya mikono", na somo lenyewe kaliacha palepale ufukweni.

Sasa niwaambie kwa nini mimi hili linanihusu.

Mama yangu mdogo ana presha, anameza dawa miaka sasa. Mwaka jana akajiunga na darasa la mmoja wa hawa wahitimu wa kisiwani, maana binti yake alikuwa anamfuatilia Insta na anampenda kweli. Mwanzo alifurahi, akasema analala vizuri. Darasa la tatu akaambiwa asimamie kichwa, miguu juu ukutani. Akasema, "Mwanangu, mimi nina presha." Akajibiwa, "Mama, hiyo ni hofu tu. Iachie iende."

Akaiachia. Dakika chache baadaye hakuwa anaona vizuri, dunia inazunguka, watu wanampepea kwa mikeka. Akapelekwa hospitali. Daktari anamuuliza ilikuwaje, mama wa watu akaona aibu kusema, akadanganya kwamba aliteleza bafuni. Alipona, Alhamdulillahi. Mwalimu alipopigiwa hakupokea. Jioni akatuma emoji ya mikono iliyounganishwa na maneno "mwili ulikuwa unatoa sumu".

Mwenye presha kumpindua kichwa chini bila ushauri wa daktari ni jambo linalokatazwa kwenye darasa lolote la maana la yoga. Lipo kwenye masomo ya mwanzo kabisa. Sasa ama hakulisoma, au alilisoma akaona haya kumwambia mteja kwamba "hili lako silijui, mama, leo kaa tu na upumue". Mimi naamini ni la pili. Kusema sijui kunaharibu bango.

Na hapa ndipo yoga yenyewe inapowahukumu. Kwenye mafundisho ya Patanjali, ambayo kozi nyingi zinayasomesha, yoga ina viungo vinane. Zile mikao mnazotupostia ni kiungo cha tatu. Cha kwanza kabisa ni jinsi unavyoishi na watu: usidhuru, sema kweli, usiibe, usilimbikize. Kumwambia mgonjwa kwamba presha yake ni hofu, hapo umedhuru. Kuandika "tunatibu" wakati hutibu, kweli iko wapi? Na kuchukua hela kwa ujuzi usio nao lina jina lake, na jina hilo halihitaji Kisanskriti.

Kama ulikwenda kujikuza, basi tutauona ukuaji hapo, kwa watu. Hatutauona kwenye mgongo unaopinda kama upinde.

Tena tuuangalie kuanzia huko huko kisiwani. Ile bahari ya bluu iliyokupa likes haikujitunza. Mafia ndiyo hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, tangu 1995, na wavuvi wa vijiji vilivyomo wanaishi na masharti: hapa usivue, nyavu hizi usitumie. Mtu ana watoto nyumbani na bado kuna sehemu ya bahari anaipita bila kutupa wavu. Hilo la kutolimbikiza, yeye halisomi daftarini. Sasa wewe uliyekaa kwake wiki tatu, unamjua hata mmoja jina? Aliyekupikia? Aliyekubebea mikeka? Ulipita sokoni Kilindoni umejisitiri, au ulipita na kisidiria ukaona wazee wanaangalia chini ukadhani wanatafakari?

Na darasani kwenu alikuwemo kijana hata mmoja wa Mafia, kakaa kwenye mkeka, siyo anayeukung'uta? Msiniambie haiwezekani. Nairobi kuna Africa Yoga Project, ilianza 2007, imewafundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini wakawa walimu wanaolipwa, na wanarudi kufundisha mitaani kwao. Hapo nakubali yoga imemkuza mtu. Mastaa wetu wenye mafolowa laki kadhaa, mmoja akisema tu "silipi mpaka muweke nafasi moja ya kijana wa Kilindoni", nadhani ingepatikana.

Najua mtakachosema. "Wivu." Haya, wivu wa nini, mie hata kukaa chini nikaikunja miguu siwezi. "Kila mtu anaanzia mahali." Hilo nalikubali kabisa! Anza. Anza na shosti zako sebuleni, bure. Kaa pembeni ya mwalimu mzoefu, msaidie darasa lake mwaka mzima, atakurekebisha. Kila anayeingia muulize: una presha, una mimba, umewahi kuumia mgongo au shingo? Akikujibu ndiyo na hujui la kufanya, mwambie hujui. Hakuna aliyekufa kwa kusema hivyo. Na neno "tunatibu" lifute leo, kabla hujaoga.

Na wewe unayelipia darasa, usiulize kasomea wapi, maana atakuonyesha picha ya machweo. Muulize amefundisha muda gani, nani alikuwa anamsimamia, na nikiwa na ugonjwa fulani utanifanyia nini. Akianza kukwambia habari za nguvu na mawimbi, chukua mkoba wako, shuka ngazi.

Barabarani, anayejifunza gari anabandikiwa L kubwa nyuma. Haoni haya, na sisi tunampisha, tunamvumilia, maana katuambia ukweli. Dada zangu na kaka zangu mliotoka Mafia mwezi huu: hongereni kwa kumaliza, kwa dhati. Sasa bandikeni L kwenye mkeka.

Mama mdogo bado anafanya yoga, kama mnauliza. Peke yake chumbani, asubuhi, miguu iko chini.

Mapovu ruksa hapo chini. Na kama na wewe yamekukuta, tuambie, ila majina ya watu msiweke.