Giaboksi Haijafa, Anza na Leva

Leo naweka programu kando kidogo, ingawa atakayesoma hadi mwisho ataona sikwenda mbali. Nataka kuzungumzia giaboksi. Wengi mnaopita hapa ni watu wa tarakilishi, lakini nawajua pia: Jumapili mnapotelea kwenye vumbi la autokrosi mkitazama Subaru zikila kona.

Msimamo wangu ni huu. Ikiwa unashindana kwa ridhaa, na kila shilingi inatoka mfukoni mwako, usinunue giaboksi nyingine wala usifungue uliyo nayo kabla hujakagua kila kitu kilicho kati ya kiganja chako na giaboksi yenyewe. Siku utakapolazimika kuifungua, ifungue ukiwa na swali, si ukiwa na matumaini.

Nalisema hili kwa sababu ushauri unaozagaa ni mwingine. Gia zinagoma? "Hiyo giaboksi imekufa, tafuteni ex-Japan." Basi watu wanachanga, wanakwenda Grogan au Kirinyaga Road, wanarudi na giaboksi ambayo hakuna ajuaye ilitembea kilomita ngapi wala mikononi mwa nani. Inafungwa. Wiki mbili baadaye gia ya tatu inagoma vilevile, kwa sababu ugonjwa haukuwa humo kamwe. Ulikuwa kwenye bushi ya raba isiyozidi ukubwa wa kifuniko cha soda.

Kisha kuna tamaa ya pili. Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, vijana wamesimama Naivasha wakasikia magari ya Rally2 yakibadilisha gia kama bunduki. Zile ni giaboksi za mfuatano, gia 5, unavuta leva au unasukuma, basi. Ni tamu, sikatai. Lakini hazina sinkronaiza. Meno makubwa yanadakana moja kwa moja, nayo huchakaa, kwa hiyo giaboksi hufunguliwa na kukaguliwa kwa ratiba na mafundi wanaolipwa kufanya kazi hiyo. Wewe fundi wako ni shemeji yako, na anapatikana Jumamosi mchana.

Wenzangu wa programu wanaijua tamaa hii kwa jina lingine: kuandika upya kuanzia sifuri. Joel Spolsky aliikemea mwaka 2000 akitumia mfano wa Netscape. Waliacha programu iliyokuwa ikifanya kazi, wakaruka toleo la 5, na toleo la 6 lilipotoka mwaka huohuo Internet Explorer ilikuwa imeshachukua watu. Programu ya zamani inaonekana chafu, lakini ndani ya uchafu huo kuna matengenezo ya miaka mingi. Giaboksi iliyotoka kiwandani ni hivyohivyo. Usiitupe kwa sababu tu huielewi.

Tuje kwenye gari lenyewe. Ninalolifahamu ni Impreza yenye giaboksi ya gia 5, ambayo watu watatu tunaimiliki kwa ushirika, na binamu yangu ndiye dereva. Gia ya tatu ilikuwa inakwaruza, na ya nne inatafutwa kama ufunguo gizani. Karakana moja mjini ilitwambia giaboksi imekwisha. Fundi aliyetoa hukumu hiyo hakulala chini ya gari hata dakika moja.

Katika kutafuta hitilafu ya programu, hatua ya kwanza ni kugawa tatizo katikati. Kwenye gari jaribio ni rahisi mno: zima injini, kanyaga klachi, pitisha leva gia zote. Gia zikiingia laini injini ikiwa imezimwa lakini zikagoma ikiwa inanguruma, shuku klachi au sinkronaiza. Zikigoma hata injini ikiwa imezimwa, shuku leva na vyuma vinavyoiunganisha na giaboksi. Jaribio hili halina gharama. Letu lilionyesha leva inababaika hata gari likiwa kimya.

Kutoka hapo, kagua kwa mpangilio huu:

1. Klachi. Injini ikiwa taratibu, kanyaga pedali hadi chini, subiri sekunde chache, kisha weka rivasi. Katika giaboksi nyingi za aina hii rivasi haina sinkronaiza, kwa hiyo haifichi siri. Ikikwaruza, klachi haiachii sawasawa. Toa hewa kwenye mfumo wake wa mafuta kabla ya kulaumu kingine.

2. Leva na fimbo zake. Kwenye Impreza kuna fimbo inayopeleka mwendo wa mkono wako na stei inayoishikilia leva isiyumbe. Zote zina bushi na viungo vinavyolegea. Shika kitasa gia ikiwa ndani, kitikise, pima kwa rula. Chetu kilikuwa kinacheza sentimita 3 bila gia kujua chochote.

3. Maunti za injini na za giaboksi. Raba ikichanika, injini inajipinda kila unapokanyaga mafuta, na njia ya gia inahama nayo.

4. Mafuta. Yamwage kwenye beseni safi na utazame sumaku ya boliti ya kumwagia. Unga laini wa kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande vya meno ni habari mbaya.

Kuhusu mafuta, msidanganywe na kila chupa yenye picha ya gari la mbio. Kwenye Subaru hizi difu ya mbele inakaa ndani ya giaboksi na kutumia mafuta yaleyale. Difu inataka mafuta yenye kinga kali ya shinikizo. Sinkronaiza inataka msuguano wa kutosha ili ifanye kazi. Kila mafuta ni mapatano kati ya hao wawili. GL-5 ya 75W-90 ipo kwa sababu hiyo. Fuata kitabu cha gari, si hadithi za barazani.

Sisi tulibadilisha maunti na bushi. Bushi za mbele tulichongewa kwa nailoni na fundi wa kukereza; ile ya nyuma ya stei tukaiacha raba, mpya. Hapa watu huzidisha. Stei imeshikwa na giaboksi upande mmoja na bodi upande mwingine, na giaboksi lazima isogee kidogo. Ukikaza kila mahali, unachopata ni mtetemo kiganjani na nyufa kwenye bodi.

Baada ya hapo gia zote zilipatikana, isipokuwa moja. Ya tatu iliendelea kukwaruza, lakini sasa ni pale tu mafuta yalipopata moto na injini ikiwa juu. Hilo ndilo swali nililosema. Hatukuwa tena na "gari lenye gia mbaya", tulikuwa na gia moja, katika hali moja. Sinkronaiza ni pete ya shaba inayosugua koni ya gia ili mwendo wake ulingane na wa shafti kabla meno hayajakutana. Pete ikichakaa, meno yanakutana kabla ya wakati wake.

Ndipo tukafungua. Kasha la giaboksi hii hugawanyika kulia na kushoto kama njugu, na kila kitu kinaonekana. Piga picha kwa simu kabla ya kugusa chochote, weka kila shimu kwenye mfuko wake ulioandikwa, na pima pengo kati ya pete na gia ukilinganisha na kitabu. Pete ya tatu ilikuwa imekwisha. Tulibadilisha pete hiyo, beringi mbili zilizokuwa na sauti, na sili zote. Usipuuze difu unapofunga: nafasi ya meno yake hupimwa kwa mia za milimita, 0.13 hadi 0.18. Jicho haliwezi, hata la fundi mzee. Azima geji.

Mwisho ni ile hamu ya leva fupi. Kumbukeni somo la wenzo na egemeo. Ukipunguza safari ya kitasa kwa asilimia 30, nguvu ya mkono inayohitajika inapanda kwa takriban asilimia 43, maana 1 ukigawa kwa 0.7 ni 1.43. Dereva anasukuma zaidi, kwa haraka zaidi, na pete ya shaba inapewa muda mdogo zaidi. Tulifupisha kidogo tu, baada ya kuondoa ulegevu. Binamu yangu aliposhika leva isiyocheza, hamu ya kuifupisha ilimpungua yenyewe.

Mtu ataniuliza: shida yote hii ya nini kwa gari la Jumapili? Jibu ni hesabu. Chukua WRX ya gia 5 ambayo gia ya pili ni 1.947 na ya tatu 1.366. Uko gia ya tatu, mizunguko 6,500 kwa dakika, unataka ya nne. Leva imelegea, ikadondokea ya pili. Magurudumu yanailazimisha injini izunguke 6,500 × 1.947 ÷ 1.366, yaani karibu 9,265. Kikata mafuta hakiwezi kukuokoa, kwa kuwa si mafuta yanayoizungusha. Vali zinakutana na pistoni. Bushi ya bei ya chakula cha mchana imekugharimu injini, na huenda gari limekata mwendo ghafla katikati ya kona. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu una turbo.

Ninaowaona wakiacha mchezo huu si wale waliokosa kasi. Ni waliomaliza pesa kwa kubadilisha vitu vizima vizima, mara giaboksi, mara injini, bila kujua kilichokuwa kibovu. Aliyetengeneza kimoja kimoja, akaandika daftarini alichobadilisha na kilichofuata, bado yuko uwanjani, na gari analijua.

Kwa hiyo kabla hamjaanza kuchangisha pesa za giaboksi, zimeni injini na mtikise hiyo leva. Kisha mlaleni chini ya gari na tochi, dakika kumi. Na fundi akiwaambia imekufa, mwombeni kwa heshima awaonyeshe ilipofia.