Haidrojeli Haileti Mvua
Mwandishi mmoja ametangaza kwamba mkulima akichanganya haidrojeli na udongo, ukame umekwisha, maana chembe za jeli hiyo hufyonza maji mara mia kadhaa ya uzito wake.

Kufyonza si kuzalisha. Jeli hutunza maji yaliyokuja. Mvua isiponyesha, itatunza nini? Mtungi mtupu haukati kiu, hata uwe mkubwa namna gani.

Hiyo “mara mia kadhaa” ndiyo hoja dhaifu kuliko zote. Ni kipimo cha maji yasiyo na chumvi. Shambani kuna chumvi, kalsiamu na mbolea, na hizo huizuia jeli isivimbe. Katika maji yenye chumvi asilimia 0.9, mamia hushuka kuwa makumi. Asiyeamini apasue pampasi, aumiminie maji unga wake, ambao ni jeli ya aina hiyo hiyo, kisha anyunyize chumvi ya mezani: jeli itayatema maji mbele ya macho yake.

Haidrojeli ina kazi zake za heshima. Mkemia Otto Wichterle aliifinyanga kuwa lenzi laini za macho mwaka 1961, na leo hufunika majeraha. Shambani ni msaidizi tu. Mkulima, kabla hujafungua pochi, pima udongo wako, weka matandazo, vuna maji ya mvua.