Vinyonga wa Usambara wauguziwe Lushoto

Januari 2021, maofisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa Vienna, Austria, walipekua mizigo ya abiria aliyetokea Tanzania kupitia Ethiopia. Walikuta vinyonga 74 kutoka milima ya Usambara, wamefichwa ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Watatu hawakupona. Waliosalia waliuguzwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn, mjini humo humo.

Je, wangenaswa mapema, kwenye barabara ishukayo kutoka Lushoto, pale Soni au Mombo, wangeuguzwa wapi?

Tunayo Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Mwaka 2016 likaja pia katazo la kusafirisha wanyama hai nje ya nchi. Vyote vinamwandama mhalifu. Mnyama mwenyewe hubaki kuwa kielelezo cha kesi, na kielelezo hakina anayekipa maji.

Kinyonga si mbuzi hata useme atawekewa bakuli. Hunywa matone yaliyo juu ya majani. Akiyakosa, macho humdidimia. Jike mwenye mimba asipopata udongo wa kuchimba anaweza kufa na mayai tumboni. Kumwachia katika msitu wowote ulio karibu si kumwokoa, maana wapo vinyonga wa Usambara Magharibi wasiopatikana ng'ambo ya bonde la Lwengera, upande wa Usambara Mashariki, wala kwingineko duniani. Anayemrudisha ajue kwanza alitolewa msitu gani, na ahakikishe mnyama huyo hawapelekei wenzake maradhi.

Kazi hiyo inataka daktari, si askari mwenye boksi. Kisingizio cha uhaba wa utaalamu hatukipokei: Chuo Kikuu cha Sokoine kinafundisha madaktari wa wanyama, na msitu wa Mazumbai, humu humu Usambara, uko mikononi mwake.

Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA), Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) unaosimamia msitu wa Magamba, na chuo hicho wakae meza moja, wafungue Lushoto kituo kidogo cha kupokea wanyama wagonjwa: kinyonga wa magendo, hondohondo aliyevunjika bawa, mtoto wa mbega ambaye mama yake ameuawa. Kiwe na daktari wa zamu na daftari la msitu alikotoka kila mnyama. Fedha zianzie kwenye viingilio vya watalii wa Magamba. Kisipoonekana katika bajeti ijayo, Waziri wa Maliasili na Utalii aliambie Bunge wanyama hao wapelekwe wapi.