Gitaa la Mjomba Halikuharibiwa

Yule mzee mkusanyaji alifungua skrubu nne nyuma ya gitaa la mjomba wangu, akaitoa shingo, akaielekeza dirishani kama daktari anayesoma picha ya kifua. Alikuwa anatafuta muhuri wa tarehe pale chini, sehemu inayojificha ndani ya mwili wa gitaa. Akaupata: 1966. Akatabasamu. Kisha akaigeuza shingo, akaona ubao wa vidole, na tabasamu likaisha.

"Kijana, hili limeharibiwa."

Wacha niwaambie lilivyoharibiwa. Mjomba alinunua Stratocaster hilo kwa baharia mmoja bandarini Mombasa, akalipiga kwenye bendi za hoteli miaka na mikaka. Chumvi ya bahari ikala vikazio vya nyuzi, vile vya Kluson vilivyotoka nalo kiwandani. Akaweka vya Japani. Baadaye ule ubao mwembamba wa rozwudi ukaanza kubanduka, fundi mmoja wa Changamwe akautoa na kubandika wa mpingo, mti ule ule wa vinyago. Gitaa likarudi kazini wikendi hiyo hiyo. Basi.

Mzee alinipa bei ya shilingi 80,000. Lingekuwa halijaguswa, akasema, tungeongea pesa nyingine kabisa. Mimi nilikuwa na deni la karo la mihula miwili, na yeye alijua. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kidogo, kama vile vikazio vya zamani bado vipo. Vipo. Mjomba aliviweka kwenye mkebe wa Kimbo. Ati hivyo vibovu, vyenye kutu, visivyokaza hata uzi mmoja, angevinunua peke yake kwa 20,000.

Nilirudisha shingo mahali pake, nikakaza skrubu zangu nne, nikaondoka. Chuo sikurudi. Sisemi gitaa ndilo lililonitoa chuoni, nina lawama zangu nyingine. Lakini tangu siku hiyo nimesoma sana mambo ya hawa wakusanyaji, na kadiri ninavyosoma ndivyo hasira inavyopanda.

Tuanze na hizo skrubu. Leo Fender, aliyebuni gitaa hili kule Fullerton, California, alikuwa fundi wa redio. Alifungua duka lake la kutengeneza redio mwaka 1938, na kupiga gitaa hakuwahi kujifunza. Alifikiri kama fundi: kitu kikiharibika, kitoe, weka kingine. Ndiyo maana hakuigundisha shingo kwenye mwili jinsi watengenezaji wa kale walivyofanya. Aliifunga kwa skrubu ili iweze kubadilishwa. Sasa miaka sabini baadaye mtu anakuja kukuambia kubadilisha ni dhambi!

Na huo mti mtakatifu je? Stratocaster za mwanzo, 1954, zilikuwa na shingo ya mepo tupu, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Mepo ni mweupe, na rangi yake ya juu ikichubuka kwa vidole inaonekana chafu. Mwaka 1959 Fender wakaanza kubandika rozwudi juu yake, na rozwudi nyeusi inaficha uchafu. Kwa kiasi kikubwa lilikuwa suala la sura. Rozwudi ya Brazil ilikuja kuwa dhahabu kwa sababu miti ilikatwa hadi ikakaribia kwisha, na biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES mwaka 1992. Mpingo wetu ni ndugu yake wa damu. Yote miwili ni Dalbergia. Mtu anayelilia rozwudi na kuukejeli mpingo analilia bei. Sauti haimo.

Lakini kinachonikera zaidi ni hiki. Mwaka 2019 Christie's walipiga mnada Stratocaster nyeusi ya David Gilmour wa Pink Floyd. Gitaa hilo lilibadilishwa shingo mara kadhaa, na iliyouzwa nalo ilikuwa ya miaka ya 1980. Pikapu zilibadilishwa (si gari, ni zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi). Mwili ulichongwa ili kuingiza daraja jipya, kisha ukazibwa. Liliuzwa karibu dola milioni 4. Eric Clapton naye alinunua Stratocaster kadhaa kuukuu kule Nashville mwaka 1970, akagawia marafiki baadhi, akaunganisha vipande vya zilizobaki kuwa gitaa moja. Huo muunganiko ukauzwa mwaka 2004 kwa dola 959,500. Hapo hakuna aliyesema "limeharibiwa". Kila tundu lilisimuliwa kwenye katalogi kama historia ya taifa.

Kwa hiyo tundu la Gilmour ni historia, na ubao wa mjomba ni uharibifu. Mnapima kwa kipimo gani, wazee?

Najua mtaniambia kuna matapeli, watu wanaokusanya vipande vya magitaa matatu na kuuza kama moja la 1959. Kweli, na mnunuzi ana haki ya kujua nini kimebadilishwa. Mimi nilimwambia yule mzee kila kitu kabla hajashika bisibisi. Ukweli wangu ndio alioutumia kunishushia bei.

Ninachotaka si mtupe huruma. Mkiandika katalogi zenu, andikeni na kazi ya fundi wa Changamwe kama mnavyoandika ya Gilmour: aliweka mpingo, kwa mkono, na gitaa likapiga miaka mingine thelathini bila ubao kuinuka hata kidogo.

Mjomba ana arthritisi sasa, hapigi. Mimi hulipiga Jumamosi kwenye harusi. Mkebe wa Kimbo bado uko juu ya kabati, na mzee alinipigia tena wiki jana. Amefika 30,000.