Picha Ukutani, Maneno Wapi?

Mwana-Mgeta hahitaji kufundishwa maana ya neno maonyesho. Amelizoea kutokana na Nanenane, ambako kila Agosti wakulima wa Kanda ya Mashariki hukusanyika mjini Morogoro. Mkulima husimama kando ya kabichi zake, akaulizwa habari za mbegu, mbolea na wadudu, naye akajibu kwa Kiswahili. Mgeni huondoka akiwa na alichokiona na alichokielewa.

Lugha yenyewe inaafiki desturi hiyo. Onyesha limezaliwa na ona, na ndugu yake ni onya, yaani kumfanya mtu aone. Kuonyesha, basi, ni tendo la watu wawili. Kuning'iniza kitu ukutani na kumwachia mtazamaji akisie hakujawa kuonyesha bado.

Sasa ingia katika maonyesho mengi ya sanaa mijini mwetu. Mchoraji ni wetu na aliowachora ni wetu, lakini kikaratasi cha maelezo kando ya picha kimeandikwa Kiingereza kitupu. Mama aliyeuza nyanya maisha yake yote husimama mbele ya picha ya muuza nyanya, asiweze kusoma jina lake. Hayo si maonyesho kwake.

Hoja yangu ni hii: kila nyumba ndogo ya sanaa ya kijamii inayoandaa maonyesho yajayo ianze na Kiswahili, na kazi ya kuandika maelezo hayo wapewe washairi. Tunao mfano wa jina. Mwaka 1972 ilipoanzishwa Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, iliyomlea George Lilanga, iliitwa nyumba. Penye nyumba pana hodi, pana karibu, na pana mwenyeji wa kuzungumza na mgeni.

Tuseme chumba kimoja kimepatikana Nyandira au Langali. Ningependekeza maonyesho matatu.

La kwanza ni la tenga. Mboga za Mgeta zimesafiri kwa matenga hadi masoko ya Dar es Salaam, lakini ni nani amewahi kulitazama tenga kama kazi ya mkono wa fundi? Liwekwe pamoja na ungo, kikapu na pakacha, kila kimoja na jina lake la Kiswahili na la Kiluguru. Wanaoyajua majina hayo ya Kiluguru sawasawa ni wazee, na wazee hawatungoji.

La pili ni la picha za miteremko. Mgeni huona mlima wa kupendeza. Asichokiona ni maarifa ya wakulima wanaokata ngazi kwenye mteremko na kufukia majani ndani yake ili yaoze na kurutubisha udongo. Wala haoni kwamba serikali ya kikoloni ililazimisha matuta ya namna nyingine Uluguru, hadi wananchi wakakataa mwaka 1955 na mpango ule ukavunjika. Picha haiwezi kuyasema hayo peke yake.

La tatu ni la mwana hiti, kinyago kidogo kisicho mikono, chenye kichwa kilichochongwa mfano wa msuko wa nywele. Wazaramo, Wakwere na Waluguru walikitumia katika malezi ya mwali. Vingi vimo katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, na jina la aliyechonga mara nyingi halikuandikwa. Hata picha zake tu zikirudi nyumbani, zirudi na maneno. Hapa kina bibi ndio waamue lipi lisemwe hadharani na lipi libaki la unyago, maana kunyamaza nako ni lugha.

Nitaambiwa kwamba picha nzuri hujisemea, na kwamba Kiingereza ni cha wanunuzi. Mnunuzi awekewe mstari wake, ila uwe chini ya ule wa mwenyeji. Kuhusu picha kujisemea, nakubali kwamba maelezo marefu huichosha. Ndiyo sababu nimemtaja mshairi. Aliyezoea kumaliza wazo zima ndani ya mizani kumi na sita anajua pa kukomea.

Tumelalamika miaka mingi kwamba ushairi umebaki vitabuni na mitihanini. Tusingoje kualikwa. Mara tusikiapo kwamba nyumba ya sanaa, hata ya chumba kimoja, inajiandaa kwa maonyesho, twende tukabishe hodi na kalamu mkononi. Mimi naanza na ubeti huu, nikiwaachia wenzangu wauendeleze:

Kinyago kisicho jina, ni mgeni kwa wenyewe,
Tenga tunapoliona, fundiye atambuliwe,
Rangi zinapoungana, maneno yasichelewe,
Malenga shika kalamu, picha zetu zisemewe.