Kabla ya kuosha maiti

Mtu akikutwa amekufa, watu husema upesi: "Amejiua." Ao: "Mke wake amemuua." Maneno hayo yote yanavunja jamaa.

Mwaka 1990, waziri Robert Ouko wa Kenya alikutwa amekufa karibu na Koru. Kwanza polisi walisema amejiua. Daktari Iain West alitoka Uingereza, akapima maiti: risasi kichwani, mguu umevunjika, mwili umechomwa akiwa amekwisha kufa. Basi aliuawa.

Hapa Kindu, jambo kama hilo likitokea, tusioshe maiti, tusifue nguo, tusifagie chumba. Tuite polisi na daktari kwanza. Mjane asihukumiwe kwenye matanga. Na anayesema amechoka na maisha, tusimwache peke yake.